Neti ya kimbunga kwenye masafa mafupi: wa mbali namsikia, wa karibu simsikii

Mkesha_Houston

Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unafunguka tarehe 1 Juni, na mimi nina swali lililonikaa kooni tangu Julai 2024, kuhusu neti ya kimbunga, yaani watu wa redio ya ridhaa wanaokutana kwenye masafa mamoja kupokea taarifa za kimbunga.

Naishi Houston, upande wa magharibi. Kimbunga Beryl kilipoibomoa Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, nilinunua redio ndogo ya masafa mafupi yenye kitufe cha SSB, kile kinachofanya sauti za watu wa ridhaa zieleweke. Sikununua kwa hekima. Niliona picha za mapaa yaliyong'oka nikaingiwa na woga, na mtu akiingiwa na woga hununua kitu. Wiki moja baadaye, alfajiri ya tarehe 8, Beryl hiyohiyo ikapanda nchi kavu karibu na Matagorda, pwani ya Texas, ikatufuata hadi mlangoni. Umeme ukakatika hata hakujapambazuka. Huku kwetu wateja zaidi ya milioni 2 walibaki gizani. Kwangu taa ziliwaka siku ya sita.

Mke wangu na watoto walijilaza kwenye korido, mbali na madirisha. Mimi nimejibanza bafuni, redio juu ya kapu la nguo, spika za masikioni, tochi mdomoni. Niliiweka 7.268 megahezi kama nilivyokuwa nimesoma, upande wa chini wa wimbi. Ajabu ya kwanza: redio ilikuwa safi kuliko siku zote. Ule mlio wa "zzzz" niliouzoea haukuwepo. Ajabu ya pili ndilo swali lenyewe. Msimamizi wa neti namsikia kama yuko chumba cha pili, na mwenyewe alisema yuko jimbo la mbali kabisa. Anaita: kituo chochote kilichoko kwenye njia ya kimbunga, karibu. Kimya. Nahesabu sekunde kumi, ishirini, thelathini. Mara namsikia anashukuru, anarudia tarakimu za upepo na mgandamizo wa hewa, anauliza kama familia ni salama. Kumbe muda wote alikuwa anaongea na mtu! Na mtu huyo yuko kaunti ya Matagorda, maili themanini hivi kutoka kwangu, mimi sikupata hata pumzi yake.

Wa mbali namsikia, jirani simsikii. Redio mbovu? Antena? Au ni mimi nisiyejua kusikiliza? Na swali dogo la pembeni: kuna zile redio za mkononi za bei rahisi, zenye kitufe cha kuongea. Nikiwa nayo, kimbunga kikija naruhusiwa kubonyeza?

Simu_Tosha

Kaka pole na Beryl, lakini unajitesa bure. Simu za siku hizi zinatuma ujumbe hata kwa setilaiti. Jaza chaji kwenye betri ya akiba, weka maji ya kunywa, lala. Hao wazee wa mikwaruzo wana mchezo wao tu, waachie.

Mzee_wa_Antena

Marahaba, Mkesha mwanangu. Redio yako nzima, antena yako nzima, masikio yako mazima. Ulichokisikia bafuni ndicho kinachosikika.

Wimbi la masafa mafupi lina njia mbili za kwenda. Moja hutambaa juu ya ardhi, nayo huchoka upesi, makumi ya maili tu imekwisha. Ya pili hupanda juu, ikagonga lile tabaka la hewa lililochajiwa na jua, ayonosfia, kisha ikarudi chini mbali na ilikotoka. Katikati hapo, wimbi la ardhini limeshakufa na la angani halijashuka, pana ukanda wa kimya. Umewaona watoto wakidundisha mpira uwanjani? Unadunda hapa, unapita juu ya kichwa cha aliye karibu, unamwangukia aliye mwisho wa uwanja. Bwana wa Matagorda alikuwa anakupita juu ya kichwa.

Usiku ukanda huo hutanuka. Jua likiondoka, ayonosfia hulegea: wimbi linalopanda wima hupenya na kupotelea huko juu, linarudi lile lililopanda kwa mshazari, nalo hutua mbali. Laiti kungekuwa adhuhuri, bendi hiyohiyo ya mita 40, ndiyo hiyo ya megahezi 7, ingekuletea sauti ya Matagorda bila taabu. Ndiyo maana neti ina nyumba mbili, 14.325 mchana upande wa juu wa wimbi, na 7.268 usiku upande wa chini, na mambo yakiwa makubwa huendeshwa zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini usidanganyike na 14.325: ukanda wake wa kimya ni mpana zaidi, mamia ya maili. Ukiwa Houston utawapata Puerto Rico na Florida, wa Galveston utawaona kwenye ramani.

Kwa hiyo anayesikiliza neti ya kimbunga husikiliza nusu ya mazungumzo. Hilo hawalisemi wanaouza redio. Ufundi wake wote uko kwenye hiyo nusu. Msimamizi harudii tarakimu kwa adabu, anarudia ili mwenzake amsahihishe, na wewe hapo ndipo unapopata upande usiousikia. Shika penseli. Andika saa, mahali, upepo, mgandamizo. Ukisikia sauti ya tatu inajipenyeza na kusema "rilei", tulia zaidi, maana huyo yuko mahali ambapo anamsikia mtu ambaye hata msimamizi hamsikii, anataka kumbebea maneno. Baada ya saa moja utakuwa na mistari kumi kwenye karatasi, na ukiisoma kutoka juu hadi chini utaona mgandamizo unashuka kituo hadi kituo. Hapo unakiona kimbunga kinatembea, gizani, kwa penseli.

Nilijifunza hayo kabla ya kujua kuna neti. Nilikuwa afisa wa redio melini miaka mingi, hadi tarehe 1 Februari 1999 mitambo mipya ya usalama baharini ilipochukua kazi rasmi na sisi watu wa Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari, tukateremshwa na masanduku yetu. Chumba cha redio kilikuwa na saa ya ukutani yenye vipande viwili vyekundu, kila kimoja dakika 3, kimoja kikianzia dakika ya 15 na kingine dakika ya 45. Mshale ukiingia kwenye nyekundu, meli zote zinanyamaza kwenye kilohezi 500. Unatoa mkono kwenye kibonyezo, unasikiliza tu, ili mwenye dhiki asikike hata kama betri yake inakata roho. Saa hiyo ilikuwa pia na vipande vya kijani, vya kunyamaza kwenye masafa ya sauti, kilohezi 2182. Kwa siku moja, dakika 144 za kunyamaza kwa lazima kwenye ile 500 peke yake. Mke wangu husema ndizo zilizoniharibu, mpaka leo akiniuliza kitu nachelewa kujibu.

Septemba 1988 Gilbert ilipita juu ya Jamaica tarehe 12. Sisi tulikuwa tumekimbilia kusini ya Karibi, bahari imevimba lakini tuko salama. Kesho yake mgandamizo ndani ya Gilbert ulishuka hadi milibari 888, rekodi ya Atlantiki ambayo ilikaa mpaka Wilma ya 2005 ikaivunja kwa 882. Usiku huo, zamu yangu imekwisha, niliiteremsha mashine ya kupokelea kwenye bendi za ridhaa, hawa wenyewe wanaojiita ham. Nikamkuta bwana mmoja Jamaica anasoma majina. Hakuna habari, hakuna upepo. Majina tu, moja baada ya jingine, akiyataja herufi kwa herufi, na baada ya kila jina: "salama." Aliyekuwa anayapokea upande wa pili sikumsikia hata mara moja. Nilikaa mpaka akamaliza.

Sasa, jua neti yenyewe ni ya nini, usije ukaikasirikia. Ilianza 1965 wakati wa kimbunga Betsy, na hufunguliwa kimbunga kikiwa ndani ya maili 300 za pwani yenye watu. Kuanzia 1980 kuna kituo cha ridhaa ndani ya jengo la Kituo cha Taifa cha Vimbunga kule Miami, alama yake ya wito WX4NHC, na wanaokiendesha ni watu wa kujitolea. Tarakimu unazosikia zinakwenda pale, hatua chache kutoka kwa watabiri. Setilaiti inakiangalia kimbunga kutoka juu. Ndege zinakipasua katikati. Zile mbili za propela za NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, zina majina ya wanasesere, Kermit na Miss Piggy. Lakini upepo unaoramba uwanja wa nyumba ya mtu, huo anaujua aliyeko pale na kipimo chake. Neti inamtafuta huyo. Haikusemeshi wewe, na wala haitakwambia barabara yako ina maji.

Ya barabara yako yatafute karibu. Redio ya hewa ya NOAA inakaa kwenye masafa saba, kutoka 162.400 hadi 162.550 megahezi, na kipokezi chake ni kidogo cha kutia mfukoni. Na usidharau stesheni ya kawaida ya masafa ya kati. Katrina ilipoivunja New Orleans mwaka 2005, WWL ya 870 kilohezi ilibaki hewani, watu wako juu ya dari na redio za betri, wanapiga simu studio kwa simu zilizobaki na kueleza waliko.

Kuhusu "zzzz" iliyotoweka: hiyo ilikuwa nyumba yako na za majirani. Balbu za LED, vichaji, televisheni, kila kimoja kinapiga kelele kwenye masafa mafupi. Umeme ukikatika mtaa mzima, pazia hilo linaanguka, unasikia kama uko katikati ya bahari. Starehe hiyo ni ya saa chache tu. Jirani akiwasha jenereta ya inveta, imerudi.

Na kijana wa simu, sikubishii. Simu ninayo, tena kubwa kuliko yako. Ila siku moja baada ya Maria kupiga Puerto Rico, Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ya kisiwa ilikuwa kimya. Msalaba Mwekundu wa Marekani waliomba watu wa ridhaa, wakaenda 22 na redio zao, kazi yao kubwa ikiwa ni kupitisha majina ya walio salama. Majina tena, kama ya Gilbert, miaka 29 baadaye.

Redio nayo hufa, nisiifanye mungu. Tarehe 6 Septemba 2017 Irma ilikuwa imeshapita Barbuda usiku na Saint Martin alfajiri, inaelekea Visiwa vya Virgin. Nilikuwa kwenye 14.325 na kikombe mkononi. Saa 2 asubuhi na dakika chache, kwa saa za huku Florida, sauti zikazama zote kwa pamoja, kama mtu amefunga mlango. Nikatikisa waya. Nikabadilisha waya. Nikapanda ngazi kuangalia antena, umri wangu huu, mke wangu yuko chini anaita majina ya mababu. Hakuna kilichoharibika. Jua lilikuwa limelipuka, mlipuko wa daraja la X9.3, mkubwa kuliko wote wa mzunguko ule wa jua, na upande wote wa dunia uliokuwa mchana tabaka la chini la anga likawa linayanyonya masafa mafupi badala ya kuyapitisha. Tarehe 10 jua likalipuka tena, X8.2, saa 6 mchana. Asubuhi yake Irma ilikuwa imeingia Cudjoe Key, alasiri yake ikaingia Marco Island. Katikati hapo ndipo mlipuko ukaja. Jua halina kalenda ya vimbunga.

Siku hizi kabla ya kupanda ngazi nageuza kwenda WWV, stesheni ya saa ya Fort Collins, Colorado, kwenye 5, 10 na 15 megahezi. Ikiwa inagonga sekunde zake, tatizo ni langu. Ikiwa zote tatu zimenyamaza mchana kweupe, tatizo liko juu, nakaa kitako. Dakika ya 18 ya kila saa husoma hali ya jua na mawimbi. Sikiliza mara mbili tatu, utazoea lugha yake.

Ya kubonyeza na kuongea nawaachia wenye leseni ya huko Texas. Mimi nimeshaandika hadi chai imepoa.

Dada_Ripita

Mzee shikamoo, umetufunga midomo. Ila Mkesha ameuliza la redio ya mkononi na hilo ni la kwangu.

Niko kusini ya Houston na nina leseni tangu 2019. Redio ya mkononi haigongi ayonosfia. Inaenda mpaka jicho linapofika, kisha inahitaji ripita, mtambo ulio juu ya mnara au mlima unaoipokea sauti yako dhaifu na kuitoa upya kwa nguvu. Kwa hiyo ule ukanda wa kimya anaousema Mzee hapa haupo. Unasikia walio karibu, ndicho ulichokikosa kule bafuni. Usiku wa Beryl wewe ulikuwa kwenye neti ya bara zima, mimi nilikuwa kwenye ripita ya kaunti, nasikia barabara ipi imefunikwa na mti upi. Ukikaa na redio moja ya masafa mafupi bila ile ya ripita, unajua ya Miami na hujui ya kona yako.

Mfano nisiousahau ni wa kimbunga Helene. Iliingia Florida tarehe 26 Septemba 2024, lakini maafa makubwa yalikuwa milimani, magharibi ya North Carolina, kesho yake. Mito ilichukua barabara, simu zikazimika, bonde halijui habari za bonde la pili. Ripita ya Mlima Mitchell, 145.190 megahezi, ikabaki hewani. Mlima huo una mita 2,037, mrefu kuliko wote mashariki ya mto Mississippi, kwa hiyo sauti yake ilianguka kwenye mabonde mengi sana. Watu wakawa wanapitisha humo nani anahitaji oksijeni, wapi kumebaki njia, nani ametafutwa na kupatikana. Na wengi waliofaidika hawakuwa na leseni. Walikuwa na redio tu, wanasikiliza.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Kusikiliza bendi za ridhaa hakuhitaji leseni, sikiliza usiku kucha. Kuongea kunahitaji. Sheria inaruhusu njia yoyote ya redio pale uhai wa mtu uko hatarini papo hapo na njia nyingine ya mawasiliano hakuna. Mtoto amenaswa kwenye maji, bonyeza. Kuuliza umeme utarudi lini, hapana.

Lakini nikuambie ukweli wa mitaani, si wa sheria. Mwenye redio ya kabatini ambaye hajawahi kuitumia, siku ya shida hata sheria ikimruhusu hasikiki. Ripita nyingi haziamki mpaka redio yako itoe toni fulani, mlio wa chini usiousikia. Huijui toni, utapiga kelele mpaka betri iishe. Kusikiliza hakutaki toni, kuongea kunataka. Sasa pima: mtihani wa leseni ya mwanzo ni maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Morse iliondolewa kwenye mitihani yote 2007, Mzee asilie. Ada ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ni dola 35, na leseni inakaa miaka 10. Nilifanya wa kwangu Jumamosi, maktaba, nimekaa kati ya kijana wa sekondari na bibi mwenye kitambaa cha kufuma. Bibi alimaliza wa kwanza.

Kama una redio ya SSB tayari, usingoje kimbunga ndipo ujifunze kuitumia. Kile kigurudumu cha kutafutia kinataka mkono mwepesi, ukikosea kidogo tu mtu mzima anaongea kama bata. Na tafadhali, USB inayoandikwa kwenye redio hiyo ni upande wa juu wa wimbi, siyo tundu la chaji. Nacheka, lakini niliulizwa.

Simu_Tosha

Dada hilo la toni sikulijua. Nina redio mbili za namna hiyo kabatini tangu Harvey, 2017, plastiki haijatolewa. Msiniseme.

Mkesha_Houston

Nimerudi baada ya wiki mbili. Mzee, Dada, Mungu awazidishie.

Neti ya kimbunga imefungwa kwa sababu hakuna kimbunga, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kujizoeza. Nikakuta 14.300, watu wa huduma ya mabaharia. Wapo mchana, wanaita mashua na majahazi na kuandika zilipo. Utaratibu ni uleule: msimamizi anaita, kimya, anarudia. Siku ya kwanza nilipata msimamizi tu, na mwenye mashua hata mmoja sikumpata. Zamani ningeirudisha redio dukani. Safari hii nilikuwa na penseli. Nikaandika latitudo na longitudo alizorudia msimamizi, nikazitafuta kwenye ramani ya mwanangu ya shule: mashua iko kusini ya Haiti, inaelekea magharibi. Siku ya tatu nikaisikia yenyewe, sauti ya mwanamke, nyembamba, inazama na kuibuka. Nilimwita mke wangu aje asikie. Alisikiliza kidogo akasema, "Anaongea kama yuko kwenye kopo." Akaenda zake, lakini kesho yake akaniuliza yule mama amefika wapi.

Nilitupa waya wa mita saba kutoka dirishani hadi kwenye uzio, nikaubana kwa kibanio cha nguo kwenye antena ya redio. Tofauti ni kubwa. Halafu nikazima swichi kuu ya nyumba dakika kumi nione kama "zzzz" ni yangu. Nusu ilikuwa yangu: taa ya gereji. Nusu iliyobaki ni ya jirani, naye sijui nimwanzeje.

Jambo lililonifurahisha mno sikulitegemea. Kuna ramani za hewa zinazotumwa kwa sauti na kituo cha walinzi wa pwani New Orleans, 8503.9 kilohezi. Unaweka redio 8502, upande wa juu, unasikia kitu kama panga linanolewa, srip, srip, srip, mara mbili kwa sekunde. Simu nimeiweka mbele ya spika, na programu inachora. Ghuba ya Meksiko ikaanza kutokea mstari kwa mstari, kwanza pwani ya Texas, ina mawimbi ya mkwaruzo katikati, lakini ni yenyewe. Simu_Tosha, umeona, simu imetumika.

Nimejiandikisha mtihani wa Juni. Dada, nikikosa tisa bado nimepita, sivyo?

Dada_Ripita

Tisa ndiyo mwisho. Kumi umerudi mwakani. Natania, unaweza kurudia hata siku ileile ukilipa tena wanaosimamia, kama wamekubali.

Mzee_wa_Antena

Hiyo "srip" ndiyo sauti iliyokuwa inanilaza melini. Tulikuwa na mashine inayoichoma kwenye karatasi, chumba kizima kinanuka moshi.

Huo waya wa dirishani, mwanangu, radi ikianza kunguruma utoe kwenye redio, na upepo ukianza kung'oa matawi uuvute ndani wote. Ukiacha nje utapoteza waya, na dirisha lililobanwa nusu litakupa kazi nyingine. Ukiwa ndani utandaze sakafuni kwenye korido, bado utapata kitu, hasa umeme ukiwa umekatika.

Taa ya gereji itupe. Jirani mpelekee balbu mpya mkononi, usimweleze habari za masafa.

Na nilisema penseli, nakuona nawe umesema penseli, vizuri. Usiku wa kimbunga Milton, Oktoba 2024, niliandika kwa kalamu ya wino. Dari ikavuja juu ya daftari, na kutoka saa 2 usiku hadi saa 5 sina kitu ila doa la buluu.